Geti Ndani ya Altezza

NEEMA: Imewaka?

SELE: Imewaka, endelea.

NEEMA: Haya, karibuni. Mimi Neema, huyu Sele, na leo Sele kafika hapa studio akiwa ndani ya geti.

SELE: Umeshaanza.

NEEMA: Bado. Nimelisogelea gari lake pale nje, nikafungua mlango, nikakuta kuna mlango mwingine.

SELE: Jamani, naomba nieleze toka mwanzo. Wiki iliyopita, Alhamisi, natoka Moro usiku. Nimeshapita Mikese, naona watu wanapunga tochi za simu. IST imelala chali kwenye mtaro. Dereva katoka mzima, kakaa kwenye jiwe, anatafuta kiatu kimoja. Hana hata mchubuko, shida yake kiatu. Nikainama kuchungulia ndani. Paa upande wa abiria limeshuka mpaka kwenye ile mito ya kichwa ya kiti. Bahati nzuri kiti hakikuwa na mtu. Kilikuwa na trei ya mayai.

NEEMA: Mayai yakawaje?

SELE: Unauliza mayai?

NEEMA: Nauliza tu.

SELE: Kutoka pale mpaka Chalinze sikuzidi sitini. Natazama lami, natazama paa. Altezza yangu ya mwaka 1999, imeshakula chumvi ya bahari ya Dar, sijui hizo nguzo za kioo zina nini ndani. Asubuhi nikaenda kwa fundi kuwekewa rolikeji, ile fremu ya mabomba ndani ya gari ya kuzuia paa lisikushukie likipinduka.

NEEMA: Fundi gani?

SELE: Fundi.

NEEMA: Sele. Fundi gani?

SELE: Yule aliyetengeneza geti la mama.

[Neema anacheka]

NEEMA: Wasikilizaji, sasa mnaelewa. Keji ina komeo! Bomba la ubavuni, lile la kupita mlangoni, kaliwekea bawaba mbili huku na komeo kule. Unaingia, unafunga mlango wa Toyota, halafu unafunga mlango wa fundi.

SELE: Ni la kufunguka! Wamarekani wa mbio za robo maili wanayo mabomba ya ubavuni ya kufunguka. Yanaruhusiwa kabisa.

NEEMA: Yanafungwa kwa pini nene, na kanuni zinaeleza liungwe vipi na upande gani. Hazisemi komeo la chooni.

SELE: La geti. Komeo la chooni ni dogo.

NEEMA: Na ua?

SELE: Ua hilo tuliache.

NEEMA: Hatuliachi. Nyuma ya viti, katikati ya ule upinde, pale panapotakiwa kukaa bomba la mshazari, fundi kapinda nondo akatengeneza ua. Lina majani.

SELE: Kasema pangebaki wazi pangekaa vibaya.

NEEMA: Haya, nimekuja na karatasi yangu. Masomo manne kuhusu keji na gari kupinduka. Somo la kwanza, chuma. Hilo bomba ni la nini?

SELE: La maji. Inchi moja na nusu. Na kabla hujasema kitu, nimepima: unene unapita milimita 3. FIA, wale wakubwa wa mbio za magari duniani, wanataka ngapi?

NEEMA: Kanuni zao, Kiambatisho J, upinde mkuu nyuma ya viti: kipenyo milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2. Mabomba mengine 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.

SELE: Kwa hiyo langu ni nene kuliko la FIA.

NEEMA: Ni nene. Geti nalo ni nene.

SELE: Jibu hoja.

NEEMA: Najibu. Wao wanataka bomba lisilo na mshono, lililovutwa baridi, lenye kuhimili angalau niutoni 350 kwa kila milimita ya mraba. La kwako ni bati lililokunjwa likaunganishwa, lina mshono toka juu mpaka chini, na limetengenezwa kupitisha maji. Halafu fundi kalipindaje?

SELE: Kajaza mchanga, kachoma moto.

NEEMA: Kanuni inasema lipindwe baridi, kwa mashine, na kona isiwe kali kuliko mara tatu ya kipenyo cha bomba. Likibonyea kidogo sawa, lakini upande mwembamba usipungue 0.9 ya upande mpana. Za kwako nimezishika kwa mkono pale nje, zimekaa kama mrija wa soda ulioukunja. Gari likigonga paa chini, bomba linaanzia pale pale kukunjika. Unene wako hausaidii kitu.

SELE: Lakini kazi yenyewe kaifanya kwa moyo. Kaniomba na pakiti mbili za maziwa.

NEEMA: Mungu wangu. Bomba lina zinki?

SELE: Si la maji? Linang'aa.

NEEMA: Ndiyo maana kaomba maziwa. Ukichomelea bomba la zinki bila kuikwangua kwanza, ule moshi mweupe unakupa homa. Unatetemeka usiku kama wa malaria. Mafundi wetu wanaamini maziwa yanaisafisha. Hayasafishi. Dawa yake ni kukwangua zinki kwa grainda na kufanyia kazi penye hewa. Mpigie simu leo umuulize hali.

SELE: Nilimpigia jana. Kasema alilala mapema.

NEEMA: Unaona.

SELE: Haya, nampigia tena. Lakini wewe unatafuta kosa kila mahali. Miguu ya keji hujaisema, ile kaifanya safi.

NEEMA: Miguu kaichomelea moja kwa moja kwenye sakafu ya gari. Sele, hiyo sakafu ni bati lisilofika hata milimita moja. Gari likidondokea paa, bomba linatoboa sakafu kama kisigino kirefu kwenye tope. Inatakiwa sahani ya chuma ya milimita 3, eneo lake sentimita za mraba 120 kwenda juu, na bolti tatu za M8, yaani nene milimita 8, kila mguu, zile zilizoandikwa 8.8, alama ya uimara wake. Huyu kaweka kama anasimamisha nguzo ya geti kwenye zege.

SELE: Tofauti ni kwamba mimi sina zege.

NEEMA: Sasa umesema kitu cha maana.

[Wanacheka]

SELE: Jirani yangu, Mzee wa nyumba ya pili, kaliona juzi. Kasimama, kalizunguka, kaniuliza, "Kijana, hili ua fundi anafanya shilingi ngapi?"

NEEMA: Umemjibuje?

SELE: Nikamwambia jumla laki nne na nusu, ua kaweka kama nyongeza. Anataka la dirisha la sebuleni.

NEEMA: Mwambie la kwako lina godoro. Jamani, keji imefungwa sponji ya godoro! Ile ya manjano! Kaifunga na mpira wa baiskeli.

SELE: Si ndiyo mnasema bomba lifunikwe?

NEEMA: Tunasema sponji maalumu, ngumu. Ukiibonyeza kwa kidole haitaki. Hii ya kwako nimebonyeza, kidole kikafika kwenye chuma, nikasikia baridi yake. Na hapa sasa ndipo mimi na wewe tunapoanza kugombana kweli. Komeo tutalicheka, ua tutalicheka. Ila hilo bomba la pembeni lina sentimita kama nane kutoka kwenye sikio lako.

SELE: Na?

NEEMA: Na wewe huendeshi ukiwa na helmeti. Unakwenda Kariakoo kununua vitunguu. Kila mtu aliyewahi kukaa kwenye gari la mbio anajua keji, helmeti, mkanda wa pointi sita na kiti cha kukukumbatia ni kitu kimoja. Ukichukua keji ukaacha vingine, umejiwekea nyundo pembeni ya kichwa. Hata gari lisipinduke. Bodaboda akikugonga ubavuni pale Tazara, paa la kiwandani lina kitambaa na plastiki. La kwako lina bomba la maji.

SELE: Neema, wewe ulikuwa navigeta, yule anayemsomea dereva wa mbio njia. Helmeti yako ina ile alama ya bluu.

NEEMA: Ninayo nyumbani.

SELE: Waeleze.

NEEMA: Tulipinduka mara mbili na nusu kwenye vumbi, upande wa Arusha. Helmeti iligonga bomba, bomba lilikuwa la bluu, rangi imebaki kwenye helmeti mpaka leo.

SELE: Na lisingekuwepo bomba?

NEEMA: Najua unakoelekea.

SELE: Jibu tu.

NEEMA: Lisingekuwepo, paa lingetufika. Lakini na helmeti isingekuwepo, ile rangi ya bluu ingekuwa kwenye fuvu. Vyote viwili ni kweli, na wewe unachukua kimoja.

SELE: Kwa sababu hicho kimoja ndicho kilichokosekana Mikese. Ott Tänak, dereva wa mbio za rali, pale Monte Carlo mwaka 2020, gari lilitoka barabarani likiwa kwenye kilomita 180 hivi kwa saa, likarushwa bondeni, likagonga miti. Yeye na navigeta wake wakatoka kwa miguu. Kwa sababu ya keji.

NEEMA: Na helmeti, na mikanda, na viti. Na keji yake haikutengenezwa na fundi wa madirisha.

SELE: Zhou Guanyu, Silverstone, 2022. Fomula 1. Upinde wa juu ya kichwa ulikatika gari lilipopinduka. Wahandisi wale wote, na ulikatika! Kilichomwokoa ni ile halo, fremu inayozunguka juu ya kichwa cha dereva, bomba la pili. Bomba mbaya na bomba nzuri vikikaa pamoja, ni afadhali kuliko hakuna.

NEEMA: Wewe huna vyote viwili. Una mbaya tu. Na mfano wako mwenyewe unakukana: walipoona umekatika, mwaka uliofuata wakabadilisha kanuni, upinde ukatakiwa uwe wa mviringo juu usichimbe chini, na ujaribiwe kwa nguvu zaidi. Yako nani kaijaribu?

SELE: Fundi kaning'inia.

NEEMA: Kafanya nini?

SELE: Kaning'inia kwenye upinde kwa mikono miwili. Haukucheza.

[Kimya kidogo, halafu wanacheka wote]

NEEMA: Subiri, usinichekeshe, nilikuwa na hasira. Altezza yako ilivuka bahari ikaitwa Lexus IS Marekani. Kule, toka mwaka 1973, paa la gari dogo lazima lihimili mara moja na nusu ya uzito wa gari. Kwa hiyo hukai chini ya kopo.

SELE: Asante! Na mwaka 2009 wakapandisha mpaka mara tatu. Kwa nini? Kwa sababu mara moja na nusu haitoshi. Wao wenyewe wamesema! Mimi naendesha gari la enzi ya moja na nusu, limeshaliwa na kutu, kwenye barabara ya malori. Unaniambia nitulie?

NEEMA: Nakuambia funga mkanda. Hukohuko Marekani, wengi wanaokufa gari linapopinduka hawakufunga mkanda, wanarushwa nje. Yule wa Mikese alifunga?

SELE: Alifunga.

NEEMA: Ndiyo maana alikuwa anatafuta kiatu.

SELE: Na abiria je? Angefunga mkanda chini ya lile paa angetafuta nini?

NEEMA: Sele...

SELE: Hapana, nijibu. Kile kiti kilikuwa kitupu. Nilikiona.

NEEMA: Najua ulikiona. Sisemi hukukiona. Toa bomba za mbele, baki na nusu keji nyuma ya viti, iliyofungwa kwa bolti kwenye sahani. Porsche wanauza magari yao ya GT3 hivyo kwa hiari ya mteja, nyuma tu. Kichwa chako kinabaki na nafasi.

SELE: Lile paa lilishuka mbele. Nusu ya nyuma ingesaidia mayai yaliyoko kiti cha nyuma.

NEEMA: Basi uza Altezza, nunua gari jipya zaidi.

SELE: Kwa hela ya nani?

NEEMA: Mimi siwezi kukwambia uliache hivyo hivyo.

SELE: Na mimi sitoi.

NEEMA: Ukitoka hapa ukagongwa kidogo tu...

SELE: Na nikipinduka?

NEEMA: Haya.

SELE: Haya.

NEEMA: ...Komeo angalau toa.

SELE: Komeo nalifikiria.

[Mtu anagonga kioo]

SELE: Nani huyo?

NEEMA: Kwaya. Zamu yao imeanza dakika tano zilizopita. Na karatasi yangu hii, jamani! Somo la tatu lilikuwa mpini wa fagio. Kwa magari ya wazi, unaweka mpini kutoka juu ya upinde mpaka kwenye fremu ya kioo cha mbele, halafu dereva akae na helmeti, pabaki sentimita 5 kati ya helmeti na mpini...

SELE: Mwalimu wa kwaya anatuonyesha saa.

NEEMA: ...na la nne, mkanda wa pointi nne kwenye gari lisilo na keji, huo ni mjadala mzima kwa sababu unakushikilia wima na paa linakuja. Tutalisema siku nyingine. Au tusiseme. Sele, ukizima hapo nisogezee mkoba.

SELE: Twende nikupeleke Tabata.

NEEMA: Kwenye hilo? Siingii. Naita bajaji.

SELE: Bajaji! Neema! Lile turubai la bajaji limeshikwa na nini juu ya kichwa chako?

NEEMA: Zima.

SELE: Limeshikwa na nini?

NEEMA: Sele, zima hiyo mashine.