Kaisari Juu, Maiti Chini

Ndugu zangu, naomba taa za mbele zizimwe. Ahsante.

Hiki mnachokiona ukutani ni kivuli tu. Picha yenyewe, ya Napoleon kwenye uwanja wa vita wa Eylau, iko makumbusho ya Louvre, Paris: kwenda juu inapita mita 5, upana wake unakaribia 8. Shikeni vipimo hivyo, nitavirudia.

Tarehe 7 na 8 Februari 1807, Napoleon, Kaisari wa Wafaransa, alipambana na Warusi na Waprusi kwenye theluji ya Eylau, Prussia Mashariki. Siku hizi mji huo uko Urusi, unaitwa Bagrationovsk. Maelfu waliuawa. Warusi wakaondoka usiku, Wafaransa wakabakiwa na uwanja uliojaa maiti, na huo ndio ukaitwa ushindi. Paris watu wakaanza kunong'ona. Serikali ikafanya nini? Ikaitisha shindano la uchoraji! Machi mwaka huohuo, Vivant Denon, mkurugenzi wa makumbusho, aliwatangazia wasanii kinachotakiwa: Kaisari akizuru uwanja siku ya pili yake, akiwahurumia majeruhi. Zawadi, faranga 16,000.

Akashinda Antoine-Jean Gros, ambaye hakuwepo Eylau.

Tazameni. Katikati ni Napoleon juu ya farasi, koti la manyoya, uso umempauka, mkono kaunyoosha kama padri anayebariki. Askari wa Lithuania, adui huyo wa jeshi la Urusi, anajikongoja kuinuka amwapie utii. Matabibu wanawahudumia Warusi. Yote hayo yaliagizwa. Kulia ni Murat, kamanda wa wapanda farasi wa Napoleon, kajipamba, farasi wake anarukaruka. Mimi humwona kama bwana harusi aliyekosea ukumbi.

Sasa shukeni chini. Gros kawarundika maiti ukingoni kabisa mwa turubai, tena wakubwa kuliko binadamu wa kawaida. Nyuso zimekuwa kijivu, theluji imewashika nywele, damu imegandia kwenye singe. Na hapa ndipo vipimo vinapofanya kazi. Mtu wa kimo changu akiisogelea picha hii, macho yake hayamfikii Kaisari, yanakutana na wafu. Ili uione huruma ya Napoleon, sharti uinue shingo, na kabla hujainua umekwisha kuwaona hao.

Je, alikusudia? Wapo wanaomgeuza Gros mpinzani wa siri. Mimi nasita. Huyu ndiye aliyemchora Napoleon kwenye daraja la Arcole, shujaa kamili, akamchora tena mjini Jaffa akimgusa mgonjwa wa tauni. Nionavyo mimi, alitii agizo vizuri mno. Aliambiwa achore huruma, na huruma haichoreki mpaka uwachore kwanza wanaohurumiwa. Yeye akawachora bila kupunguza.

Mwenye picha hakukasirika. Ilipowekwa kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1808, Napoleon alivua nishani iliyokuwa kifuani pake mwenyewe, akampa Gros.

Haya, taa ziwashwe. Nani ana swali?