Uliza soketi kwanza, gari baadaye

Asante mwenyekiti. Huko nyuma mnanisikia? Haya. Kwanza niwaambie mimi si injinia, mimi ni mtu wa kuhesabu mali ya stoo, na nimeitwa hapa kwa sababu moja tu, nimekaa na gari ya stima, Nissan Leaf, karibu miaka minne sasa nikiishi fleti pale Ruaka na kazi iko Upper Hill, Nairobi. Katibu ameniambia kuna wanachama wanataka kuchukua mkopo wa gari na wameona hizi Nissan Leaf barabarani, sasa wanauliza ni gari kweli ama ni kujitafutia presha. Nitawajibu, lakini nitaanzia mahali pengine kidogo.

Kila mtu akiniona kitu cha kwanza anauliza ni, inaenda kilomita ngapi? Hata mlinzi wa ofisini. Mimi namuuliza, yako italala wapi? Wanacheka, wanadhani natania. Gari ya petroli unainunua halafu ndio unatafuta paking. Hii unatafuta soketi, ukishaipata ndio unaenda kutafuta gari, na ukigeuza hiyo mpango utalia kama nilivyolia mimi.

Manake mimi niligeuza. Nilikuja na gari Ijumaa jioni, fleti yetu ina nyumba 24, na soketi ya nje ilikuwa moja tu, ile ya geti keateka anachajia simu na kuunganishia pampu ya maji. Nikamwomba, akanikubalia, nikachomeka nikaenda kulala kama mfalme. Jumapili asubuhi ananigongea, baba njoo uone. Soketi imeyeyuka. Yaani plastiki imekuwa kahawia, plagi imeshikana nayo, na harufu mnaijua wenyewe. Hapo sasa majirani wameamka wote, na kwa WhatsApp ya ploti mimi ndiye habari, ati nataka kuchoma watu.

Nieleze kwa nini iliyeyuka maana hapa ndipo pesa yenu iko. Chaja ya kubeba, ile unachomeka kwa soketi ya kawaida ya nyumba, inavuta ampea 10 hivi, ukizidisha na volti 240 ni kama wati 2,400. Sasa mtu anasema, si instant shower yangu inavuta zaidi ya hiyo? Ni kweli, inavuta karibu mara mbili. Lakini shower ina waya wake mnene na swichi yake kubwa, na wewe unaoga dakika 10 unatoka. Gari inavuta masaa manane bila kupumua, na soketi ikiwa imelegea ndani ama waya haujakazwa vizuri, hapo ndipo joto linajikusanya polepole mpaka kitu kinaiva. Soketi ilikuwa mzima kwa simu miaka yote, haikuwa mzima kwa gari. Na eksitensheni ile ya kuviringisha kama kamba ya ng'ombe, tafadhali, ukiitumia ikiwa imeviringwa inajipika yenyewe.

Nikaita fundi, si yule wa kubahatisha, fundi mwenye leseni. Akavuta waya mpya kutoka kwa bodi mpaka paking yangu, waya wa milimita 6, akaweka brekera yake peke yake, na mita ndogo ya kuhesabu uniti zangu za stima, yaani kilowati-saa. Hiyo mita ndogo ndiyo iliyoleta amani kwa ile ploti. Kabla yake nilikuwa nampa landilodi 3,000 kila mwezi tukikadiria tu, na yeye alikuwa anaamini namwibia na mimi nilikuwa naamini ananiibia. Siku hizi keateka anapiga picha ya mita tarehe 30, anazidisha, nalipa, hatusemezani vibaya.

Halafu kuna hii inaitwa ethi, waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja chini ardhini. Chaja za magari huwa zinapima ethi kabla hazijaanza, na kama haipo ama ni ya jina tu inawasha taa nyekundu inakataa. Nyumba nyingi zetu za zamani tundu la tatu la soketi liko pale kwa urembo. Nina rafiki alirudisha chaja mbili dukani akidhani ni mbovu, kumbe ni nyumba. Fundi alipiga fimbo ya shaba chini kwa udongo, ikaanza siku hiyo hiyo. Kwa hivyo kabla hata hujaangalia gari, lipa fundi aje apime nyumba, ongea na landilodi ikiwezekana mwandikiane, halafu uende kwa yadi ya kuuza magari.

Sasa yadi. Hapa niko na maneno machache lakini makali. Kwa Leaf hauangalii mwaka wala maili kama vile tumezoea, unaangalia afya ya betri, maana ile betri haina mfumo wa kuipoza kwa maji, inapozwa na hewa tu, na joto ndilo linaizeesha. Kwa dashibodi upande wa kulia kuna vijimstari vidogo kando ya vile vikubwa, vikiwa kamili ni 12. Cha kwanza hakianguki mpaka betri iwe imepoteza kama asilimia 15, kwa hivyo muuzaji akikuambia imepoteza kimoja tu, hicho kimoja ni kizito. Mnaona? Yangu ni ya uniti 30, yaani betri ikiwa mpya inabeba uniti 30 za stima, na nilinunua ikiwa na vijimstari 10. Muuzaji aliniapia betri ni kama mpya, na mimi sikujua kusoma.

Mkienda, chukueni kile kidude cha bluetooth cha kuchomeka chini ya usukani pamoja na programu ya LeafSpy, itakuambia afya kwa asilimia. Lakini hata hiyo kuna wajanja wanajua kuidanganya kwa siku chache, kwa hivyo dawa ni moja, ijazwe mpaka 100, uendeshe kilomita 40 za kweli, uone imebaki ngapi. Muuzaji akikataa umeshapata jibu. Na mkumbuke sheria yetu hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8, kwa hivyo zile za uniti 24 za kitambo ambazo mtaona mtandaoni kwa bei tamu tayari zimezunguka Nairobi hii kwa mikono kadhaa.

Haya, kilomita. Nilijua mtarudi hapo. Mjini gari yangu inafanya kama kilomita 6 na nusu kwa uniti moja, na jamu haiisumbui, kinyume na petroli, ukisimama haili karibu kitu. Ikijaa naweza kwenda kama 130 bila kuanza kuomba. Kazini na kurudi ni kilomita 34, na hizo narudisha kwa chini ya masaa matatu usiku, kwa hivyo kusema ukweli siku za kazi huwa sifikirii betri kabisa, kuna siku nasahau kuchomeka na kesho yake bado naenda na kurudi.

Shida ni ushago. Kwetu ni Murang'a, kilomita 80 hivi. Mara ya kwanza nilitoka na asilimia 100 nikafika na 48, nikaona mambo ni rahisi. Sikuwa nimefikiria kwamba Ruaka mpaka Murang'a unashuka, ni kama mita 500 hivi, na gari ilikuwa inajirudishia chaji kidogo kidogo kila nikiachilia mguu. Kurudi ni kupanda. Kupandisha hiyo gari na watu wanne mita 500 ni uniti mbili na nusu zaidi, hiyo ni sawa na kilomita 15 za barabara tambarare zimeenda hewani. Kurudi ilikula asilimia 71. Kwa hivyo kama singechaji kwa shosho, nyanya yetu, tungelala Thika.

Na kwa shosho nyumba imevutwa waya mwembamba, sikuthubutu ampea 10. Chaja yangu ina kitufe cha kupunguza, nikaweka 6, nikachomeka saa mbili usiku ikajaa alfajiri. Nilimnunulia tokeni za stima za shilingi 500. Akaniambia hii gari inakula kuliko ng'ombe na haitoi maziwa.

Kuna wanaouliza kuhusu chaja za mall. Zipo na zinaongezeka, lakini angalieni plagi. Gari ya Japani ina matundu mawili mbele, dogo ni la polepole linaitwa Type 1, kubwa ni la haraka la CHAdeMO. Chaja za mtindo wa Ulaya ni Type 2 kwa polepole na CCS2 kwa haraka. Adapta ya ile ya polepole si ghali, ya haraka ni pesa ndefu, kwa hivyo piga simu kabla hujafunga safari ukitegemea chaja fulani. Mimi nazitumia kwa nadra sana, kama kuazima mwavuli.

Pesa. Hesabu zangu za stoo hizi hapa, mnaweza kuandika. Kuna umeme unaopotea kwa chaja, kwa hivyo kutoka kwa soketi ni kama kilomita 5 na nusu kwa uniti. Uniti ikikaa shilingi 29 na makato yote, ni shilingi 5 na senti kwa kilomita. Toyota Fielder ya petroli niliyokuwa nayo kwa jamu ilikuwa inafanya kilomita 11 kwa lita, na lita ikiwa 180 ni kama shilingi 16 kwa kilomita. Natembea kilomita 800 kwa mwezi, kwa hivyo nabakisha karibu 8,800, ongeza na oili ambayo simwagi. Ni pesa nzuri, lakini si ile ya ati gari itajilipa yenyewe kwa mwaka mmoja kama wanavyosema kwa TikTok. Mtu wa teksi anayefanya kilomita 150 kwa siku, huyo ndiye hesabu inambeba, akiwa na mahali pa kuchaji mchana. Tangu 2023 kuna bei maalum ya stima ya magari, ilianza na shilingi 16 kwa uniti na 8 saa ambazo watu wamelala, kabla ya makato, lakini inataka mita yake, sisi wa fleti bado tunaiangalia kwa mbali. Nyinyi kama chama mna ploti, fikirieni hiyo.

Swali la mama pale, stima ikipotea? Mama, mimi siachi ishuke chini ya asilimia 40, hiyo tu. Mnakumbuka Agosti 2023 nchi nzima ilizima, mpaka uwanja wa ndege? Nilikuwa na 60, nikaenda kazi siku mbili. Na pampu ya petroli nayo inaendeshwa na stima ama jenereta, msisahau.

Iliyowahi kuniangusha kweli ni betri ndogo, ile ya kawaida ya volti 12. Ndiyo, bado ipo. Hiyo ikifa gari haiwaki hata kama kubwa imejaa, maana ndiyo inafungua mlango wa umeme mkubwa. Nilikaa hapo City Park na asilimia 80 nikiwa maiti, mpaka mtu wa Probox akanipa jampa, na alicheka mpaka akaketi kwa bampa. Badilisheni mapema, haijui kutoa onyo.

Breki zinadumu sana. Tairi na bushi zinaisha kama za gari zingine, barabara ni zile zile, na kwa matuta punguza, betri iko chini ya sakafu na gari iko chini.

Naambiwa wakati umeisha. Iko hapo nje kando ya mti, ile ya bluu. Funguo hii hapa, mnaweza kuijaribu mpaka geti na kurudi, ila wa kwanza awe mtu anajua kurudi rivasi na kuangalia nyuma, maana sauti yake ni ndogo sana na nimeona watoto wa shule ya Jumamosi wanacheza pale pale.