Caleb Williams: Acha Mkono, Tazama Miguu

DADA: Karibuni tena kipindini. Leo tuko Chicago, kwenye futiboli ya Kimarekani, ligi ya NFL, kwa Caleb Williams, kwotabeki wa timu ya Bears, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi. Mashabiki wanamwona ni wa miaka kumi ijayo, na mimi nakubaliana nao. Kaka, wewe waonaje?

KAKA: Nakubali, ila wengi wanashika sababu isiyo yenyewe. Utasikia mkono, mkono. Mkono alitoka nao chuo kikuu cha USC, California, alikotwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 2022. Kilichobadilika ni miguu, na tumaini langu liko hapo.

DADA: Tuanze na 2024. Alichaguliwa wa kwanza kwenye drafti, pale timu zinapochagua vijana wa vyuoni kwa zamu. Pasi zake zikaleta yadi 3,541 na tachidauni 20, yaani pasi za kufunga, na sita tu zikanaswa na wapinzani. Kwa mgeni wa ligi si haba. Lakini aliangushwa mpira ukiwa bado mkononi mwake mara 68!

KAKA: Mechi 17, mara 68. Yaani mara nne kila mechi. Lawama wakatupiwa wale watano wanaomkinga, na kweli walistahili sehemu yake. Sehemu nyingine ni ya kijana mwenyewe. Mkingaji wa pembeni si lazima amsimamishe adui. Anamsindikiza kwa nje, ampitishe nyuma ya kwotabeki, ambaye anatarajiwa awe kama yadi saba au nane nyuma ya mstari wa kuanzia mchezo. Sasa kwotabeki akirudi hadi yadi kumi, kumi na moja, amejipeleka mwenyewe kwenye njia ya adui. Mkingaji kafanya kazi yake sawasawa, na bado mtu yuko chini.

DADA: Na dawa yake ni kupanda mbele.

KAKA: Hatua fupi moja au mbili mbele, mikono miwili kwenye mpira, macho kwa wapokeaji. Kazi ngumu hiyo! Mtu mwenye mbio akisikia vishindo pembeni, mwili unataka kutorokea nje.

DADA: Na huwezi kupanda mbele kama katikati ya ukuta wa hao watano pamebomoka. Kwa hiyo usajili wa 2025 mimi naupa uzito sana: Joe Thuney, Jonah Jackson na Drew Dalman, wote watatu watu wa katikati ya ukuta. Akaja na kocha Ben Johnson kutoka Detroit. Msimu huo akaangushwa mara 24.

KAKA: Kutoka 68! Na Johnson akamweka mara nyingi karibu kabisa nyuma ya senta, yule wa katikati anayeanzisha mchezo, apokee mpira mkono kwa mkono. Pale miguu ndiyo saa. Chukua mwendo wa hatua tano: ya kwanza ndefu ya kutoka mstarini, mbili za mwisho fupi za kufunga breki. Mguu wa nyuma ukikita, mpira uondoke. Kama mpokeaji wa kwanza kabanwa, hatua ndogo mbele, tazama wa pili. Akichelewa, hana haja ya kuambiwa na kocha, miguu imeshamwambia.

DADA: Sasa niwe mkweli kwa wasikilizaji. Mwaka huo wa 2025 alirusha yadi 3,942, rekodi ya Bears kwa msimu mmoja, tachidauni 27, zilizonaswa saba. Lakini pasi zilizofika ni asilimia 58.1, na mwaka wa kwanza ilikuwa 62.5. Imeshuka.

KAKA: Imeshuka, na haitupwi kapuni hiyo. Baadhi ni pasi alizotupa nje makusudi asiangushwe, na hizo nazibariki. Zinazoniuma ni zile fupi, mtu yuko wazi, mpira unapita juu ya kichwa. Mara nyingi kosa kama hilo ni la mguu wa mbele: ukitanuka mno, uzito unabaki nyuma, bega linainuka, mpira unapaa. Hilo linarekebishika.

DADA: Tunaye mfano, kwotabeki Josh Allen wa Buffalo. Pasi zake zilizofika: asilimia 52.8 mwaka 2018, 58.8 mwaka 2019, halafu 69.2 mwaka 2020.

KAKA: Ndiyo, lakini tusiifanye ahadi. Allen alinyoosha mwendo wake wa kurusha, na mwaka huo huo wa 2020 akaletewa mpokeaji Stefon Diggs. Vilikwenda pamoja. Wenye mkono mkubwa wasiofika huko ni wengi.

DADA: Kuna na saa ya fedha. Mkataba wa Williams ni wa miaka minne, kama dola milioni 39.5 zote. Dak Prescott, kwotabeki wa Dallas, analipwa wastani wa milioni 60 kwa mwaka mmoja! Tofauti hiyo ndiyo inayolipa ukuta. Baada ya msimu wa 2026 anaruhusiwa kujadili mkataba mpya.

KAKA: Basi 2026 ndio mwaka wenyewe. Mpira ukianza, usimfuate angani. Hesabu yadi alizorudi nyuma. Ikiwa dauni ya tatu, yaani jaribio la tatu kati ya manne, adui kamzunguka kwa nje, naye anapanda mbele na kutoa pasi ya yadi sita kifuani mwa mtu, mimi nitasimama kitini.