Behewa na Upana wa Reli: Mhadhara kuhusu Kompyuta, Kampuni na Faili Zetu

Mwakeye, ndugu zangu. Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele. Vijana, habari za asubuhi. Walimu wenzangu, asanteni kwa kufika, najua wengine mmetoka mbali na leo ni siku ya soko.

Nimeombwa nizungumzie ubishi ambao sisi mafundi wa hapa Kigoma tunauishi kila siku, kuanzia vibanda vya Mwanga mpaka Ujiji. Kampuni gani ni bora? Windows au Mac? Microsoft walijenga au waliiba? Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, ni ya watu wenye akili au ya watu wasio na hela? Nimeona marafiki wakinuniana kwa ubishi huu. Nimeona kijana anaitetea kampuni ya Marekani kama anavyoitetea Simba au Yanga, na kampuni yenyewe haijui kama Kigoma ipo.

Naomba leo tubishane kuhusu jambo lingine. Tuulizane hivi: ukiamua kuondoka kwenye kampuni fulani, utaondoka na kazi zako au utaziacha huko? Kwangu mimi hilo ndilo swali lenyewe.

Nianze na stesheni yetu pale mjini. Reli ya kati ilifika hapa mwaka 1914. Upana wake ni milimita 1,000. Reli ya TAZARA inayotoka Zambia ina milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67 tu, vidole vichache vya mkono huu. Lakini kwa sababu ya vidole hivyo vichache, behewa lililotoka Zambia haliwezi kuja mpaka hapa. Mzigo unafika Kidatu, unashushwa, unapakiwa kwenye behewa la reli ya kati, ndipo safari inaendelea. Na reli mpya ya SGR ina milimita 1,435, kwa hiyo hiyo nayo ina mabehewa yake. Ubora wa behewa hausaidii chochote hapo. Aliyepanga upana wa reli ndiye aliyepanga nani apite.

Shikeni hilo, kwa sababu historia nzima ya kompyuta tunazotumia ni historia ya upana wa reli.

Tarehe 12 Agosti 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake binafsi. IBM walikuwa wakubwa kuliko wote, lakini kwenye kompyuta ndogo walikuwa wamechelewa, Apple na wengine walishaanza kuuza. Kwa haraka hiyo hawakutengeneza kila kitu wenyewe. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, ile 8088, wakachukua kwa Intel. Mfumo endeshi, programu kuu inayoendesha mashine nzima, wakachukua kwa Microsoft. Na Microsoft wenyewe hawakuwa nao! Waliununua kwa kampuni ndogo ya Seattle Computer Products, ambako uliandikwa na mtu anaitwa Tim Paterson. Bei yake haikufika hata dola 100,000. Ila katika mkataba na IBM, Microsoft walihakikisha wanabaki na haki ya kuwauzia wengine mfumo huo.

Wengine hao walikuja upesi. Kule Houston, Texas, watu watatu walioacha kazi Texas Instruments walianzisha Compaq mwaka 1982. Sehemu nyingi za kompyuta ya IBM zilikuwa zinauzwa madukani, isipokuwa kitu kimoja kilichokuwa mali ya IBM kisheria: programu ndogo inayoiamsha mashine ukibonyeza swichi, inaitwa BIOS. Kuinakili ni wizi. Compaq walifanya hivi. Kundi moja la wahandisi likasoma BIOS ya IBM na kuandika karatasini kazi zinazofanywa, bila kunakili jinsi zinavyofanywa. Karatasi zile wakapewa wahandisi wengine ambao hawajawahi kuiona BIOS ile hata mara moja, nao wakaandika ya kwao kuanzia mwanzo. Mashine ikatoka 1983, ikaendesha programu zilezile za IBM. Mwaka huo wa kwanza Compaq waliuza kwa dola milioni 111.

Nataka mlione hili vizuri. Nendeni soko la mawese. Dumu ni la lita 20. Aliyetoka Kalinzi anapima kwa dumu hilo, wa Ujiji anapima kwa dumu hilo, anayevusha kutoka Kongo anapima kwa dumu hilohilo. Hakuna mkulima anayeweza kukuambia dumu lake haliingii mafuta ya mwenzake. Mnunuzi akiona bei haimfai, anasogea hatua tatu kwa muuzaji mwingine. Compaq waliigeuza kompyuta ya IBM kuwa dumu. Baada yao wakaja wengi, bei ikashuka, na ndiyo maana leo fundi wa Kasulu anaweza kuchukua kumbukumbu (RAM) ya mashine ya Dell akaipachika kwenye HP na ikakubali.

IBM waliumia, wakajaribu kubadilisha upana wa reli. Mwaka 1987 walitoa mashine mpya zenye njia ya ndani ya kuunganishia vifaa ambayo ilikuwa mali yao, anayeitaka alipie. Mwaka uliofuata kampuni tisa, Compaq wakiwa mbele, zikasema hapana, zikatoa njia yao inayopokea na vifaa vya zamani. IBM hawakuweza kuirudisha biashara ile mikononi mwao. Mwaka 2005 waliiuza yote kwa Lenovo ya China.

Kwa hiyo kwenye chuma, yaani mashine zenyewe, mteja alishinda. Kwenye programu je? Huko reli ilikuwa moja na mwenyewe alikuwa mmoja, Microsoft.

Mnajua kesi ya Netscape, sitakaa nayo sana. Netscape walikuwa na kivinjari, programu ya kufungulia mtandao, kilichopendwa, Microsoft wakafungamanisha cha kwao na Windows. Mei 1998 serikali ya Marekani ikawashtaki. Mwaka 2000 jaji Thomas Penfield Jackson akaamuru kampuni igawanywe mara mbili. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa ikaifuta amri ya kugawanya, lakini ikakubali kwamba Microsoft walitumia njia haramu kulinda ukiritimba wao. Huwa nasikia vijana wakisema Microsoft walishinda kesi ile. Hawakushinda. Waliepuka adhabu kubwa, basi.

Na wale mashabiki wa Apple, nanyi mjue hili. Agosti 1997 Apple walikuwa hoi. Steve Jobs amerudi, amesimama mbele ya watu wake kule Boston, anatangaza kwamba Microsoft wanaweka dola milioni 150 kwenye Apple na wataendelea kutengeneza Office, programu zao za kazi za ofisi, kwa ajili ya Mac. Bill Gates akatokea kwenye skrini kubwa. Watu wakazomea. Waliizomea hela iliyokuja kuisaidia timu yao! Miaka 13 baadaye, Mei 2010, Apple ikaipita Microsoft kwa thamani kwenye soko la hisa.

Sasa niwaeleze kwa nini jambo hili linaniuma mimi binafsi.

Kabla sijafungua kibanda changu nilikuwa natunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi, hapahapa mjini. Tulikuwa na programu ya hesabu iliyonunuliwa kihalali, kampuni yake sitaitaja. Miaka minne tuliingiza kila kitu humo, nani kachukua mabati mangapi, nani anadaiwa, nani kalipa nusu. Enzi hizo umeme wetu ulikuwa wa majenereta, unakatika na kurudi kwa kishindo. Siku moja uliporudi, kompyuta haikurudi.

Sikuogopa, kwa sababu kila Jumamosi nilikuwa nanakili faili kwenye flashi. Tukanunua kompyuta nyingine, nikachomeka flashi, faili lipo, megabaiti tatu na kitu. Likakataa kufunguka. Leseni ilikuwa imefungwa kwenye mashine iliyokufa, na toleo letu lilikuwa haliuzwi tena. Tununue jipya, tukaambiwa, na kuhamisha kumbukumbu za zamani kuna gharama yake pembeni. Tajiri wangu akasema hiyo hela hana.

Usiku nikalifungua faili lile kwa Notepad, programu ndogo ya kusomea maandishi matupu. Vimraba vitupu, kurasa na kurasa. Nikashuka chini taratibu. Katikati ya vimraba nikaona jina la mteja wetu mmoja wa Kasulu. Halafu namba. Halafu vimraba tena. Jina la mtu ninayemjua, deni lake ninalijua lipo humo, nimeliandika kwa mikono yangu, na siwezi kulisoma. Nilikaa pale mpaka karibu na adhana. Wiki tano mimi na shemeji yangu tulirudia kuandika kutoka kwenye vitabu vya risiti, karatasi kwa karatasi, na wapo wadeni ambao hatukuwapata mpaka leo.

Tangu siku ile nikiulizwa programu gani ni nzuri, nami nauliza: inahifadhi kwa mtindo gani, na nani mwingine anaweza kuusoma?

Dunia nayo iliuliza. Kwa miaka mingi faili za Word zenye mkia wa doc zilikuwa fumbo. Walioandika programu nyingine walikuwa wanabahatisha kuzifungua. Mwaka 2006 mtindo wa wazi unaoitwa ODF ukakubaliwa na ISO, shirika la viwango la kimataifa. Microsoft nao wakaleta docx pamoja na Office 2007, ukapitishwa na ISO mwaka 2008 baada ya mvutano mkali. Leo LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, inafungua docx, na Word inafungua odt, mkia wa faili za ODF. Jedwali linaweza kusogea, herufi zikabadilika, lakini maneno yako unayapata. Kampuni hazikufika hapo kwa hiari tu. Serikali, wateja na washindani walizisukuma.

Sisi Waswahili tulikuwa na nafasi yetu, na hapa nitasema ukweli wenye uchungu. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice. Programu kamili ya ofisi, kwa Kiswahili, bure, halali. Walikaa wakatafuta neno la kila kitufe. Microsoft nao wakaleta Windows na Office zenye sura ya Kiswahili. Huo ndio ushindani, mkubwa kakumbuka kwamba tupo.

Ni wangapi humu mliwahi kuitumia Jambo? Nyoosheni mikono. Wawili. Asanteni.

Kwa nini wawili? Kwa sababu yetu sisi mafundi. Mteja akija tunampigia Windows na Office zisizo na leseni, elfu kumi, kazi imeisha. Mimi mwenyewe nimepiga nyingi. Cha kulipia kikawa bure na cha bure kikawa bure, sasa nani ahangaike kujifunza kingine? Tulidhani tunaikomoa kampuni tajiri. Kumbe tulikuwa tunaitandikia reli mpaka vijijini, bila malipo, na tunaizika kazi ya ndugu zetu wa Dar es Salaam.

Na bili yake imeshafika. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuitunza Windows 10. Mashine haizimiki, ila tundu jipya la usalama likigunduliwa haliziibwi, isipokuwa kwa aliyejiunga na mpango wa kuongezewa muda. Windows 11 inataka chipu ya usalama inayoitwa TPM toleo la 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Laptopu tunazouziwa mtumba hapa, nyingi hazina sifa hizo. Ni nzima, kioo kizima, kibodi nzima, lakini zimeambiwa zimezeeka.

Mama pale nyuma ameinua mkono. Karibu, mama.

Mama anauliza: mimi nina steshenari, mashine tatu, wateja wangu wanataka Word na printa itoe, nifanye nini?

Asante mama yangu, hilo ndilo swali la kazi. Usihame zote. Chukua moja, ile dhaifu, tuweke Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, na LibreOffice. Kwanza tuijaribu kwa flashi bila kufuta kitu, tuone printa yako inakubali. Nyingi zinakubali, zipo zinazogoma, na ikigoma nitakuambia wazi. Barua, wasifu, mtihani wa mwalimu, vyote vinachapika humo. Mteja akitaka kuondoka na kazi yake, mpe docx na PDF. Mashine mbili zibaki kama zilivyo mpaka mkono uzoee. Na daftari lako la wadeni, kokote uliliandika, wiki hii lihifadhi pia kwa mtindo wa csv, ambao hata Notepad inausoma.

Flashi yenye Mint ninayo hapa mfukoni. Kuna laptopu yoyote ukumbini? Ile nyeusi, kijana, ilete mbele. Usiizime, njoo nayo hivyohivyo.