Kuagana na Opinel Namba 8

ZUHURA: Karibuni tena. Leo ni kuagana na kisu cha mfukoni ulichokizoea, na tumechagua kimoja tu: Opinel namba 8, ile ya chuma cha kaboni. Kaka Baraka, mtu anataka kumpa mpwa wake. Aanzie wapi?

BARAKA: Asianze kwa kukiosha, dada. Hapo ndipo wengi hukiharibu. Mpini ni wa mbao, na mbao inakunywa maji. Ukikiloweka kwenye beseni mpini unavimba, mfereji, yaani ule mwanya wa mpini ambamo ubapa hulala, unabana, na ubapa hautoki tena. Pitisha kitambaa chenye unyevu, mswaki mkavu kwenye mfereji, basi.

ZUHURA: Na kama kimeshavimba?

BARAKA: Zungusha pete, ile ya chuma shingoni mwa mpini inayozuia ubapa usijikunje, iachie, kisha gonga kitako cha mpini kwenye ukingo wa meza. Ubapa unachomoza kidogo, unaudaka kwa vidole. Watu wa Savoie kule Ufaransa, alikoanzia Joseph Opinel mwaka 1890, wana jina kabisa la pigo hilo. Halafu kiache wazi kivulini siku kadhaa. Ukikianika juani au pembeni ya jiko, mbao itapasuka.

ZUHURA: Mimi ningetazama ncha kwanza. Kifunge kisu, pitisha kidole taratibu mgongoni. Kisu kilichonolewa miaka mingi, ncha yake imepanda kuelekea mgongo, kwa hiyo kikifungwa inachungulia nje ya mpini. Hicho usimpe mtu. Kitatoboa mfuko, kisha paja.

BARAKA: Kinatibika lakini. Watu hukimbilia kunoa makali zaidi, na ncha inazidi kupanda! Unatakiwa kupunguza mgongo, hapo karibu na ncha, kwa tupa laini au jiwe, kidogo kidogo, ukikifunga na kupima kila mara. Usitumie mashine ya kusaga. Chuma kikishageuka rangi ya bluu, ugumu umeondoka na makali hayatakaa.

ZUHURA: Sasa kinoo.

BARAKA: Nyuzi 20 kila upande. Ubapa ukiwa na upana wa milimita 20, inua mgongo kama milimita 7 kutoka kwenye jiwe. Anza na jiwe la namba 400, lenye chembe za kukwaruza, nenda upande mmoja hadi uhisi chuma kimejikunja upande wa pili, kwa urefu wote wa makali. Ukisikia nusu tu, hujamaliza. Geuza, fanya vivyo hivyo, malizia na 1000 bila kukandamiza.

ZUHURA: Kuna watu wanasugua ubapa mpaka ung'ae kama sahani mpya. Ile rangi ya kijivu si uchafu, iacheni. Inasaidia kuzuia kutu. Kutu yenyewe ni ile nyekundu yenye kuchimba: msasa wa 600 na tone la mafuta, kwa kufuata urefu wa ubapa.

BARAKA: Mafuta gani? Ya kupikia hapana, yanaganda na kunata. Tafuta parafini ya maji ya famasi, si mafuta ya taa jamani. Tone moja kwenye pini ambayo ubapa unazungukia, kunja na kukunjua mara kumi, futa.

ZUHURA: Pete nayo. Ilianza kuwekwa mwaka 1955, na ndiyo inayolinda vidole. Kisu kikiwa wazi, zungusha pete ikaze ubapa, kisha bonyeza mgongo wa ubapa kwenye mbao. Pete ikiteleza, kazi haijaisha. Itoe kwa koleo la kutanulia pete, safisha mchanga uliokaa chini yake, ibane kidogo, irudishe. Vaa miwani, huwa inaruka.

BARAKA: Na huyo mpwa akiwa Uingereza?

ZUHURA: Hapo mwambie mapema. Kule kisu cha kukunja kinachoruhusiwa kutembea nacho bila sababu ya msingi ni kile ambacho ubapa wake haukazwi ukiwa wazi, chenye makali yasiyozidi inchi 3. Hiki kina pete inayoukaza, na ubapa ni sentimita 8.5. Kibaki nyumbani, jikoni. Na kwenye ndege kiende kwenye sanduku linalopakiwa chini, kimefungwa na kuviringishwa nguo nene.

BARAKA: Wafaransa, ukimpa mtu kisu, anakurudishia sarafu, eti kisikate urafiki.

ZUHURA: Basi mpwa aje na shilingi yake. Wewe mkabidhi kimekunjwa, pete imezungushwa. Na akikuomba kikiwa wazi, yeye ndiye ashike mpini.