Gesi Iliyogunduliwa Siyo Gesi Inayozalishwa

Ndugu zangu, jambo hili nimelisema katika kumbi nyingi na leo nalirudia. Kila tunapokutana hutajwa futi za ujazo trilioni 57 za gesi asilia ya Tanzania, makofi yakapigwa, ilhali sehemu kubwa ya gesi hiyo imelala chini ya bahari ya kina kirefu, ambako tangu ugunduzi wa kwanza wa mwaka 2010 haijauzwa hata futi moja.

Tazameni Songo Songo, kisiwa cha wavuvi huko Kilwa. Mwaka 1974 kampuni ya AGIP ya Italia ilikuwa ikitafuta mafuta, ikakuta gesi, ikaona haina faida, ikaondoka. Gesi hiyo ilifika kwenye mitambo ya umeme ya Ubungo, Dar es Salaam, mwaka 2004. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa ugunduzi alikuwa mtu mzima wa miaka 30, pengine na watoto wake wanaosoma kwa koroboi.

Na kisima, tangu siku kinapofunguliwa, huanza kuchoka. Bonyezeni vali ya tairi la baiskeli lililojaa: upepo hutoka kwa kishindo, kisha hupungua, na mwisho tairi hulegea ingawa ndani bado mna hewa. Ndivyo ulivyo mwamba wa mchanga wenye gesi. Atainuka mtu aseme kwamba tuna mitambo ya kuongeza mgandamizo, yaani ile nguvu inayoisukuma gesi itoke. Tunayo, na inasaidia sana, lakini kazi yake ni kuisukuma gesi iliyobaki. Haizalishi gesi mpya mwambani. Asiyechimba kisima kipya leo, wakati vya zamani vingali na nguvu, atachimba kwa pupa umeme ukishaanza kukatika.

Muda unanibana, kwa hiyo majirani, ambao nao wameona kwamba kugundua siyo kuzalisha, nitawagusa tu. Mafuta ya Ziwa Albert, Uganda, yaligunduliwa mwaka 2006, na kwa kuwa huganda kama samli asubuhi ya baridi, bomba la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga, lazima lipashwe moto njia nzima. Turkana, Kenya, mafuta yalipatikana mwaka 2012. Shehena ya kwanza ikaondoka Mombasa mwaka 2019, baada ya kusombwa kwa malori, na mwaka uliofuata malori yakasimama.

Ninachoomba ni kimoja: kila zinapotangazwa trilioni hizo, utangazwe pia mgandamizo wa kila kisima kinachozalisha, wa mwaka huu na wa mwaka jana, ili wananchi wajionee unavyoshuka.