Msiniulize Ninajua Lugha Ngapi

Asanteni. Mwenyekiti amenitambulisha kwamba ninazungumza lugha sita. Nilimwomba asiseme, akasema. Sita zipi? Moja ninaiota, mbili ninaziandikia, moja ninaisoma kwa miwani na kamusi, moja ninaitumia kwenye misiba tu, na ya sita ninajua kuomba radhi na kuuliza basi linasimama wapi. Ukizijumlisha hizo, umehesabu nini?

Wanaonifahamu wamekwisha kisikia kisa cha bomba. Wavumilie, wengine hawajakisikia.

Bomba la jikoni kwangu lilipasuka, nikamwita fundi. Akaja na msaidizi, kijana aliyehamia mjini karibuni. Fundi naye alikuwa mhamiaji, ila wa siku nyingi, tena wa upande mwingine kabisa. Saa tatu nzima fundi alikuwa amezama chini ya sinki, umebaki mkono mmoja nje. Anatamka neno kwa lugha yake, kijana anauwekea ule mkono spana. Neno jingine, koleo. Kaza. Legeza. Shika hapo. Si hiyo, ile ndogo. Na tusi moja ambalo sote watatu tulilielewa. Mimi nilikuwa nahesabu maneno, maradhi ya kazi. Hayakufika arobaini. Katikati simu ikalia, fundi akaongea na mkewe kwa lugha ya tatu. Alipokuja kupima bomba jipya alinong'ona tarakimu kwa lugha ya nne, bila shaka ile aliyochapiwa viboko vya hesabu. Bei akanitajia kwa lugha yangu, na hapo hakukosea hata silabi.

Nikamgeukia kijana. Kwa vipande tulivyookoteza pamoja nikamuuliza: unaijua lugha ya fundi wako? Akacheka. "Hapana. Hata kidogo."

Hata kidogo! Saa tatu hajakosea spana, na bado anaikana lugha inayomlisha. Kwa nini? Kwa sababu tumemfundisha kwamba kujua lugha ni cheti. Mwanaisimu Leonard Bloomfield, mwaka 1933, alitaka mwenye lugha mbili azimudu zote kama mzawa. Kwa kipimo hicho nusu ya ukumbi huu ni mabubu. Ilipofika 1989 mwanasaikolojia wa lugha François Grosjean akawaambia wenzake kwamba mtu wa lugha mbili si watu wawili wa lugha moja moja waliobanwa katika mwili mmoja. Akatoa mfano wa mkimbiaji wa viunzi: hawezi kushindana na mkimbiaji wa mbio fupi, wala na mruka juu, lakini nani atamwambia kwamba yeye ni nusu mwanariadha? Kisha wakaja wanaisimu Alastair Pennycook na Emi Otsuji, wakaenda kusikiliza jikoni za mikahawa na masoko ya Sydney na Tokyo. Walichokiona ndicho kile cha chini ya sinki langu: maneno yanakaa mahali, pamoja na vyombo, mikono na kazi inayofanyika. Mtoe kijana yule pale, mpe karatasi ya mtihani, atapata sifuri. Mrudishe, atakupa spana namba kumi na saba.

Namwona bwana wa safu ya pili ananyanyua kidole. Najua utauliza nini, bwana, huwa unaliuliza kila mwaka: huku si kuharibu lugha? Haya, sema nami: "Kitabu cha shule kiko mezani." Kitabu tumekitoa kwa Waarabu, shule kwa Wajerumani, meza kwa Wareno. Na bado hicho "ki-" cha kitabu kimemfuata mwenzake hadi "kiko", sarufi imesimama wima. Sijasikia umelalamika. Sasa kijana wa leo akichanganya lugha tatu kwenye simu yake, kosa lake ni nini, kuchelewa kuzaliwa?

Wala sisemi sarufi isifundishwe. Nimeifundisha miaka mingi na imenilisha.

Muda umeniishia, kwa hiyo hili nalisema haraka ingawa ni zito. Maneno arobaini yanatosha kwa bomba. Hayatoshi kwa mtu anayetakiwa kutia saini karatasi ya upasuaji, na mara nyingi anayefasiri pale ni mwanawe wa miaka kumi. Mtoto huyo atamwambiaje mama yake habari za uvimbe? Mahakamani angalau mshtakiwa ana sheria ya kushika: Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ibara ya 14, unampa mkalimani bila malipo asipoielewa lugha ya mahakama. Hospitalini tunategemea mlinzi wa getini awe ametoka kijiji kimoja na mgonjwa.

Nilikuwa nimeandaa pia habari za sensa na fomu zake zenye kisanduku kimoja cha lugha. Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi, maswali. Ulizeni kwa lugha mnayoitaka. Nikishindwa, jirani yako atanifasiria, na akisema haijui msimwamini.